Nguo ya Rafia na Kumbukumbu ya Akina Mama katika Inchi ya Wakuba



Kuna neno linalosemwa mara nyingi, hata na watu waliosoma: kwamba wazee wetu hawakuandika, na kwa sababu hiyo mambo yao yamepotea. Wengine huongeza neno la pili: kwamba yale machache yaliyobaki yalitunzwa na wanaume, ndio wakubwa wa baraza na wasemaji wa ukoo, kwa maana akina mama walikuwa na kazi ya shamba na ya jiko tu. Tunataka kuyapima maneno hayo mawili kwa kitu kinachoshikika mkononi: nguo ya rafia ya Kasai. Tutaona namna inavyofanyizwa, namna ilivyoingia katika mambo ya ndoa, na namna ilivyomfuata bibi arusi mpaka siku ya kuzikwa kwake. Mwishoni tutauliza ni nani anayeitunza leo.

I. Inchi na masimulizi yake

Wakuba wanakaa Kasai, kati ya mito Kasai, Sankuru na Lulua. Mfalme wao huitwa nyimi, na mji wake ni Mushenge. Si kabila moja tu. Ni makabila mengi yaliyokusanywa chini ya nyimi, na Wabushong ndio walioshika ufalme. Upande wa magharibi, kati ya Kasai na Loange, wanakaa Walele, ambao asili yao na lugha yao ni karibu na za Wakuba.

Wazee wa Mushenge husimulia kwamba hapo kale watu walivaa maganda ya mti yaliyopondwa. Kisha, katika karne ya 17, akatawala Shyaam aMbul aNgoong. Huyu alikuwa amesafiri katika inchi za magharibi, na aliporudi alileta maarifa mengi, na kati ya hayo kazi ya rafia. Ndivyo wanavyosimulia. Sisi twajua kwamba katika ufalme wa Kongo nguo za namna hiyo zilikuwako kabla ya wakati wa Shyaam. Katika mwaka 1591 Filippo Pigafetta alichapisha Roma kitabu cha habari alizopewa na Mreno Duarte Lopez, na humo anasifu nguo zilizofumwa kwa majani ya mitende, laini kama mahameli ya Ulaya. Vipande kadhaa vya Kongo vya karne ya 17 vingali vinatunzwa Ulaya, kama vile Copenhagen na Ulm. Basi habari ya Shyaam si ya uwongo, lakini yafaa tuielewe vizuri: ni desturi ya mataifa yote kumpa mfalme mmoja sifa ya kazi iliyofanywa na mikono mingi kwa miaka mingi.

Wageni walioandika habari za Mushenge walianza kufika mwishoni mwa karne ya 19. Katika mwaka 1892 aliingia William Sheppard, mmisionari Mprotestanti, mtu mweusi wa Marekani. Katika mwaka 1908 alifika Emil Torday, Mhungaria aliyekusanya vitu kwa ajili ya British Museum ya London. Halafu, katika mwaka 1953, alikuja kijana Mbelgiji, Jan Vansina, mtafiti wa IRSAC, chuo kile kilichokuwa na makao makuu yake Lwiro, katika Kivu yetu. Vansina aliketi na Wakuba, akasikiliza masimulizi yao, na katika mwaka 1961 akatoa kitabu chenye kuonyesha kwamba masimulizi ya kinywa ni ushuhuda wa kweli wa historia, mradi yapimwe kwa akili kama vile tunavyopima maandiko. Tangu hapo, ni vigumu kwa mtu mwenye elimu kusema kwamba watu wasioandika hawana historia. Neno la kwanza limekwisha kujibiwa.

Limebaki neno la pili. Masimulizi ya wafalme yalikaa katika vinywa vya wakubwa wa baraza. Je, akina mama walitunza nini?

II. Kazi ya mikono miwili

Mti wa rafia ni ndugu wa mchikichi. Watu huukata makuti yake machanga, wakaambua ngozi nyembamba ya jani, wakaianika na kuichana iwe nyuzi. Kufuma ni kazi ya wanaume. Kitanda cha mfumi hakisimami wima wala hakilali chini. Kimeinama, na mfumaji hukaa chini yake. Kwa sababu nyuzi za rafia haziungwi mwisho kwa mwisho, kipande cha nguo hakiwezi kupita urefu wa jani lenyewe. Ndiyo sababu kila kipande ni kifupi, chini ya mita moja, na nguo ndefu hupatikana kwa kuunganisha vipande vingi.

Kinapotoka kitandani, kipande ni kigumu kama mkeka. Hapo akina mama hukipokea. Hukilowesha maji, hukitwanga katika kinu, hukisugua kwa mikono mpaka kiwe laini. Mara nyingine mchi hutoboa nguo. Mama haitupi, hushona kiraka juu ya tundu. Wataalamu wengi wanafikiri kwamba mapambo ya viraka, ambayo leo twayaona katika marinda mengi ya Wakuba, yalianza hivyo: kwanza dawa ya tundu, kisha uzuri. Nguo nyingine hutiwa rangi nyekundu ya nkula, ule unga wa mti ambao wazee wetu wa Katanga nao wanaujua.

Kisha huanza kazi ya sindano. Mama huchukua uzi mmoja mwembamba wa rafia, huupitisha chini ya uzi wa nguo, huuvuta mpaka ncha ndogo tu ibaki, halafu huukata kwa kisu kidogo. Hafungi fundo. Uzi unashikwa na mbano wa nguo yenyewe. Huupitisha wa pili, na wa tatu, mamia na maelfu, mpaka nguo inaota manyoya mafupi kama mahameli. Kipande kimoja huweza kumaliza miezi, hata mwaka, kwa sababu mama hukishika baada ya shamba, baada ya maji, baada ya kuni.

Jambo la kustaajabisha ni hili: hachori kitu kabla ya kushona. Hana karatasi wala kipimo. Umbo lote limo kichwani, naye alilipata kwa kutazama mkono wa mama yake, wa bibi yake na wa dada zake. Watafiti wamehesabu maumbo ya Wakuba yenye majina zaidi ya 200. Katika mwaka 1971, Mmarekani Donald Crowe, mwalimu wa hesabu, aliyachunguza mapambo hayo. Wenye hesabu wanajua kwamba ziko njia 17 tu za kurudia umbo juu ya uso wa kitu bila mwisho. Crowe alizikuta 12 katika kazi za Wakuba. Na njia zote 7 za kurudia umbo katika mstari alizikuta pia. Mama ambaye hakukanyaga shule alikuwa akishika hesabu hizo katika vidole vyake.

Wala asidhani mtu kwamba kumbukumbu hiyo ni kurudia mambo ya zamani tu. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha nyimi pikipiki yao, wakitumaini atashangaa. Chombo hakikumshangaza sana. Alichokitazama ni alama za magurudumu mchangani. Akaagiza zinakiliwe, na umbo hilo likapewa jina lake. Basi, urithi ulio hai hupokea kitu kipya, ukakifanya kuwa chake.

III. Nguo na mali ya ndoa

Katika inchi za Congo ya magharibi na ya kati, nguo ya rafia ilikuwa pia mali ya kulipia. Hata leo, katika Kikongo na Lingala, feza huitwa mbongo, neno ambalo zamani lilitaja nguo ya rafia. Wakuba walilipa kwa vipande vya nguo na, baadaye, kwa simbi pia. Walilipa kodi ya mfalme, walilipa makosa, walitoa mali ya ndoa.

Kwa Walele mambo hayo yalichunguzwa na mwanamke Mwingereza, Mary Douglas, aliyekaa kwao katika mwaka 1949 na 1950, akarudi katika mwaka 1953. Aliona kwamba nguo ya rafia ilifunga karibu kila kiungo cha ukoo. Kijana alimpa baba yake nguo ili kuonyesha kwamba amekuwa mtu mzima. Bwana arusi alimpa nguo baba wa msichana, na mama yake pia. Mume alimpa bibi yake nguo alipojifungua mtoto. Watu waliogombana walipatana kwa nguo. Huwezi kumpa mama-mkwe nguo kisha ukamtendea kama mtu wa njiani.

Lakini tukiandika historia, tuandike pia upande wenye giza. Nguo za mali ya ndoa zilikuwa nyingi, na kijana hakuweza kuzitimiza kwa mikono yake peke yake. Ilimpasa aziombe kwa wazee wa ukoo, na kwa hiyo wazee ndio walioshika mlango wa ndoa. Wazee walikuwa na mabibi wengi. Vijana walikaa miaka mingi bila ndoa. Tena, deni la damu halikulipwa kwa nguo. Lililipwa kwa mwanamke. Ukoo uliohesabiwa kuwa na hatia ya kifo ulimtoa msichana, naye pamoja na watoto wake wakawa chini ya ukoo mwingine. Douglas aliona pia kwamba, wamisionari walipofika, vijana wengi wa Walele, wavulana kwa wasichana, waliikimbilia misioni, kwa maana huko kijana aliweza kuoa msichana wa rika lake bila kungoja wazee.

Basi tusiiimbe zamani kana kwamba yote yalikuwa mazuri. Nguo ileile iliyounganisha watu iliweza pia kuwafunga. Msichana alihesabiwa katika deni ambalo hakulifanya. Jambo hilo nalo ni sehemu ya kumbukumbu tunayoirithi, na asiyelitaja anawadhulumu mama zetu mara ya pili.

IV. Bibi arusi anakwenda na nini?

Turudi kwa Wakuba. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Hata hivyo, kwa kawaida bibi hukaa katika kijiji cha mume. Bibi arusi anaacha mama yake na dada zake, anakwenda kulima shamba katika kijiji cha watu wengine, na watoto atakaowazaa huko watahesabiwa kwa ukoo ule aliouacha. Kwa hiyo maisha yake yote yana pande mbili: nyumba yake ni huku, ukoo wake ni kule.

Ni nini kinachounganisha pande hizo? Tukitazama rinda la sherehe la mwanamke, tutapata jibu. Rinda hilo ni refu sana. Mara nyingine hupita mita 6, nalo huzungushwa mwilini mara nyingi. Rinda la namna hiyo si kazi ya mtu mmoja. Wanaume wa ukoo hufuma vipande. Wanawake wa ukoo, kila mmoja kwa wakati wake, huvitia mapambo. Halafu vipande hushonwa pamoja. Mwenye kutazama kwa makini huona mikono mbalimbali katika nguo moja: kipande hiki kimeshonwa na mkono hodari, kile na mkono ungali unajifunza, na kingine ni cha zamani, kimechukuliwa katika nguo iliyochakaa na kuunganishwa na vipya. Nguo iliyomalizika si mali ya aliyeivaa siku ya sherehe. Ni mali ya ukoo wa mama.

Hapo ndipo sindano inapokuwa kitu kikubwa. Bibi arusi aliyekwenda mbali anaendelea kushona kwa ajili ya ukoo wake. Jioni, mbele ya nyumba ya mume, anashona kipande kitakachorudi kwa ndugu zake. Binti yake anaketi karibu na kutazama. Kwa njia hiyo mtoto aliyezaliwa katika kijiji cha baba anajifunza maumbo ya mama zake. Kile ambacho baraza la wanaume hulinda kwa maneno, mama hukilinda kwa kazi. Hili ndilo jibu letu kwa neno la pili.

V. Nguo inayozikwa

Mtu anapokufa katika Wakuba, ukoo wake hukusanyika na kuchagua nguo za kumvika. Mwili huoshwa, hupambwa, huvikwa marinda yaliyotunzwa miaka mingi. Watu huja kutazama, kusifu na kulia. Kisha nguo huzikwa pamoja naye. Patricia Darish, aliyekaa kwao mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliwasikia wakisema kwamba mtu akizikwa katika nguo za kigeni ni kama amezikwa uchi, na wazee waliotangulia hawatamtambua. Tazama, basi: mwanamke aliyeondoka kwao siku ya arusi anarudi kwao siku ya kifo, amevikwa kazi ya mikono ya dada zake.

Mgeni huuliza: kwa nini kuitia mchangani kazi ya miaka mingi? Si hasara? Sisi nasi tulifikiri hivyo kwanza. Lakini kuna hekima ndani yake. Kwa sababu nguo inazikwa, haiwezekani kizazi kimoja kushona kwa ajili ya vyote. Kila kaburi linadai nguo mpya. Kila nguo mpya inadai binti anayejua sindano. Wakuba hawakuitunza kumbukumbu katika sanduku. Waliitunza katika mikono, na mazishi ndiyo yaliyoilazimisha mikono isisahau.

Huko Ulaya na Marekani walifanya kinyume. Nguo alizokusanya Sheppard ziko Hampton, Virginia. Za Torday ziko London. Nyingi ziko Tervuren, karibu na Bruxelles. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alizitundika ukutani mwa nyumba yake, akazitazama sana alipofanya kazi zake za mwisho. Hatusemi ni vibaya. Bila nyumba hizo za makumbusho tungekosa vipande vya zamani vya kulinganisha. Lakini katika karatasi za makumbusho imeandikwa jina la Mzungu aliyenunua na mwaka alionunua. Jina la mama aliyeshona karibu kila mara halipo. Nguo imehifadhiwa, mkono umesahauliwa.

VI. Siku zetu

Leo bibi arusi wa mjini, awe Kananga au Lubumbashi, huvaa gauni jeupe kanisani na kikwembe kizuri jioni. Mali ya ndoa hutolewa kwa feza na vitu vya duka. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ingali inaitaka mahari, lakini haisemi lazima iwe nguo. Wengine hudhani kwamba gauni jeupe ni amri ya Kanisa. Si kweli. Hata Ulaya kwenyewe zamani bibi arusi alivaa rangi yoyote. Desturi ya nyeupe ilienea baada ya Victoria, malkia wa Uingereza, kuolewa katika mwaka 1840. Ni desturi ya watu, nzuri kama desturi nyingine. Ikiwa Roma ilikubali katika mwaka 1988 Misa kwa utaratibu wa majimbo ya inchi yetu, nani atakataza msichana wa Mushenge asimame mbele ya altare katika rinda la mama zake?

Hatari tunayoiona si gauni jeupe. Ni kwamba sindano imeanza kukosa mwanafunzi. Nguo za rafia hushonwa bado, na nyingi huuzwa kwa wafanyabiashara. Mnunuzi anataka kipande cha haraka, naye hulipa kidogo. Mama anayeshona kwa ajili ya soko anajua kwamba kazi yake haitamrudia. Haitamvika dada yake, haitaonwa na ukoo. Na msichana anayekwenda shuleni, jambo ambalo twalitaka kwa moyo wote, hana tena jioni zile ndefu karibu na mama yake. Tumempa kalamu; haikuwa lazima tumnyang'anye sindano.

Wandugu mnaosoma seminarini, wakati wa likizo mnarudi kwenu. Kila mmoja ana mama, shangazi au nyanya. Huenda kwenu hakuna rafia. Iko mikeka, viko vikapu, viko vyungu, ziko nyimbo za arusi. Ketini karibu nao. Ulizeni umbo hili linaitwaje, ulijifunza kwa nani, na yeye alijifunza kwa nani. Andikeni majina. Tumekwisha kujifunza majina ya wafalme, na ni haki. Lakini nyimi mwenyewe alizikwa katika nguo, na nguo hiyo kuna mtu aliyeishona.